Kusikiliza Injini kwa Meno

Ile Subaru niliinunua kabla fataki haijanipasua masikio kwenye duara moja kule Geita. Duara ni shimo letu sisi wachimbaji wadogo, na siku hiyo baruti ililipuka kabla sijafika mbali. Nilirudi Ngokolo, hapa Shinyanga, kwa mke wangu na mtoto mchanga, mzima kila mahali isipokuwa masikioni.

Sikuhuzunika. Nikisema hivyo watu wanaguna, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikufa ganzi, basi. Nilikula nilichowekewa, nikasoma midomo ya watu, nikalala. Watoto wa mtaani waliniamkia shikamoo kutoka nyuma yangu, nisiitikie, na mtaa ukasema nina maringo ya gari. Wacha waseme. Heri maringo kuliko kuitwa kiziwi. Hata mke wangu sikumwambia ukweli. Nilisema masikio yanauma kidogo, yatapoa.

Nilichofanya ni gari tu. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, nilishusha injini, nikaifungua yote, nikatia pistoni ngumu zaidi, tabo kubwa zaidi ya kuisukumia hewa na bomba pana la eksozi. Mikono ilijua kazi yenyewe, mimi niliifuata. Nilitaka lile gari liondoke kwa nguvu kiasi cha kunibandika kwenye kiti, labda ningehisi kitu.

Shida ilikuwa siku ya kuwasha. Injini iliyofungwa upya husikilizwa. Ikigonga huko chini unaizima hapo hapo, la sivyo inanoki, inakufa kabisa, na jasho lako lote linageuka chuma chakavu. Mafundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni. Sasa mimi ningesikiliza kwa kitu gani, magoti?

"Mayu," nilimwita mke wangu, maana ndivyo tunavyowaita wanawake wetu Usukumani. "Njoo unisikilizie."

Alikuwa anaanua nguo. Akaja akasimama mbele yangu kabisa, nione midomo yake.

"Eti leo ndiyo unasema! Ulidhani sijui? Kila siku nakutukana ukiwa umenipa kisogo, na hujawahi kunijibu."

Nilipaswa kucheka, au kuona aibu. Sikuona chochote. Nikaanza kumfundisha. Duarani, kabla hujakaa chini ya mwamba, unaugonga kwa nyundo: ukilia kama chuma, huo ni mzima; ukilia kama debe tupu, kimbia. Nikamwambia injini nayo ni hivyo hivyo. Nikawasha. Akaweka mpini sikioni, akakunja uso.

"Inanguruma," alisema.

"Inagonga au haigongi?"

"We mwanaume, mimi ni mshona nguo!" Akanisukumia bisibisi mkononi, akarudi kwenye kamba yake.

Injini bado ilikuwa inazunguka. Nilihitaji mkono mmoja wa kuvuta waya wa mafuta na mwingine wa kushikilia bomba la hewa lililokuwa linacheza. Bisibisi nikaibana kwa meno, kama tunavyobana tochi duarani mikono ikijaa kazi. Nikainama, ncha ikagusa injini.

Nikasikia.

Sisemi mtetemo. Mlio. Ulipita kwenye meno, ukapanda taya, ukaingia kichwani, mnene, umetulia, haugongi hata kidogo. Nikavuta waya, ukapanda nao. Tabo ikapiga mluzi wake. Jamani, nilifurahi, na furaha yenyewe iliuma kama mguu uliokufa ganzi unaporudiwa na damu. Nikavuta tena, na tena, machozi yakidondokea kwenye rejeta.

Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amesimama na nguo begani. Alitazama bisibisi mdomoni mwangu, akanitazama usoni, akaelewa. Akaja nyuma yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakandamiza taya lake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio langu. Sauti yake ikaingia, ndogo, ya mbali, lakini yake.

"Zima hilo gari. Mtoto amelala."

Nikazima. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, kwa hasira zaidi, na kichwa changu hakukiachia.