Dauphin ya ku Ukuta

Bwana yangu Constantin hakuona bahari hata siku moja. Alizaliwa kule kaskazini, akatumika klaki, karani wa kuandika, mu depo ya treni hapa Élisabethville, na njia zake zilikuwa zile zile: kazi, misa, nyumba. Lakini ku ukuta wa salon yetu, chumba ya bageni, alibandika picha ya dauphin, ile nyama ya bahari bengine banaita pomboo. Alitaka komisyo ikifika imuulize juu yake, aonyeshe elimu.

Komisyo, ni bale bazungu balikuwa banaingia mu nyumba ya muntu mweusi anayeomba karte, ile kadi ya serikali ya kuhesabiwa pamoja nabo. Banafungua kabati, banagusa mashuka, banaangalia sahani. Ukipata karte, mutoto wako anaweza kusoma na batoto ya bazungu. Claudine wetu alikuwa na miaka saba. Ni juu yake tulikuwa tunakula na fourchette, ile uma ya bazungu, hata bukari, ugali wetu. Na inswa, zile kumbikumbi zinatokaka mu udongo mvula ya kwanza ikinyesha, Constantin alizikataza kabisa mu nyumba. Claudine hakuzijua mu kinywa.

Sasa ona bahati yetu. Siku ya komisyo, mama yangu Mwansa anashuka na kamyo, lori ya kutoka kijiji chake Kasomeno, kitunga ya inswa ku kichwa. Hakuuliza muntu. Akaingia jikoni, akaanza kukaanga.

Bazungu balikuwa batatu. Mukubwa wabo akaonyesha picha. Constantin akanyoosha kravate, tai yake ya shingo.

"Si samaki, Monsieur. Anapumua kama sisi, anazaa, ananyonyesha. Mwenzake akigonjwa, anamubeba juu apate pumzi."

Nikasema mu roho, tumefika. Njo harufu ikaingia.

"Ile ni nini?" muzungu akauliza.

"Badudu, Monsieur," Constantin akajibu mbio. "Mududu haina mapafu, haina maziwa, haina akili. Sisi hatuli. Ni ule mama tu, iko muntu wa pori."

Mama hakusikia Kifaransa. Lakini toka jikoni alikiona kidole cha Constantin kikimuonyesha, na namna bwana yangu alivyokunja uso.

Padri muzee, mumoja wa bale batatu, akainuka akaenda jikoni. Akakaa ku kibao kando ya mama, akamusalimia mu Kibemba, akakula inswa na mukono, mafuta inashuka ku ndevu. Akasema iko tamu sana. Tukacheka bote, hata Constantin.

Mama akarudi na kamyo siku ile ile. "Mwanangu," akaniambia, "bwana yako anapenda ule samaki kupita mimi." Nilitaka kumwambia si samaki. Nikamushikia kitunga, akapanda.

Kesho yake Constantin akaitwa ku biro ya komisyo. Karte hapana, masomo hapana. Nyumba yake, balisema, ingali inakula badudu. Na padri alikuwa amekaa palepale na benzake, hakufungua kinywa. Bazungu batatu baliingia kwetu, na aliyekula mbele ya macho yabo alikuwa yeye.

Constantin akarudi, akakaa ku meza bila kuvua kravate. Claudine akaleta sahani ya inswa zilizobaki.

"Baba, sasa tunaweza kula?"

"Kuleni," akasema.

Akashika fourchette yake, akajaribu kuchoma. Zinaanguka. Akajaribu tena, zinaanguka. Claudine akamuangalia vizuri namna anavyofanya, kisha akaenda kutafuta fourchette yake.