Safu ya Jina la Mama

Kaliza alikulia ukimbizini Karagwe, Tanzania, akarudi Kigali mwishoni mwa 1994, akapewa kompyuta pekee ya ofisi yetu ya kutafutia watoto jamaa zao, pale mtaa wa Kacyiru. Ndani yake mlikuwa na orodha ya watoto mia sita waliopotezana na wazazi. Mkubwa wetu, Benon, alimwagiza aikague safu kwa safu: wapi pako wazi, wapi pana makosa.

Safu ya umri ilikuwa upuuzi mtupu. Ya jina la mama ilijaa, Kaliza akafurahi. Kisha akatafuta jina linalorudiwa zaidi.

"Mama." Mara mia mbili na kumi na moja.

"Hilo si jina," Benon alifoka. "Lifute!"

"Lifute wewe, mzee! Mtoto wa miaka mitatu ukimwuliza mama yake anaitwa nani, unataka ajibu nini?"

Benon akaivuta kibodi, akakaa nayo mapajani bila kufuta hata moja, mpaka chai yake ikapoa.