Kidevu cha Shemeji

Kinyozi huyu walimwita Redio, na hakuna aliyemsingizia. Tangu aliposhika wembe kwa mara ya kwanza, hakupata kunyoa kidevu cha mtu kimyakimya. Mkono ulikwenda na ulimi ulikwenda, kama ng'ombe wawili wa jembe moja, na mteja alitoka mashavu yake yakiwa laini na masikio yake yakiwa yameshiba.

Kisha Mwenyezi Mungu akamtahini kwa saratani ya tezi. Alitiwa dawa mishipani kwa miezi mingi, nywele zikapukutika, na kwa rehema Zake Mola ugonjwa ukaondoka. Nywele zikarudi, nyororo kama za mtoto mchanga. Kilichochelewa kurudi ni uwezo wa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Daktari alimweleza kuwa wengi waliopitia matibabu yale huingiwa na ukungu kichwani, na kwamba kwa wengi hupungua taratibu. Asidhani amerukwa na akili. Redio alimshukuru sana, akatoka, akafika nje ya mlango, akarudi kuuliza daktari amesema nini.

Alijifariji kwa neno la wanazuoni wa kale, kwamba mwanadamu ameitwa insani, kutokana na neno la Kiarabu la kusahau, kwa kuwa kusahau ni katika maumbile yake. Mkewe aliposikia hivyo alisema, "Basi wewe, baba, umekuwa binadamu kupita kiasi."

Siku aliyorejea kazini, wa kwanza kuketi alikuwa fundi baiskeli, mtu mwenye haya nyingi. Redio alimfunga shuka shingoni, akampaka povu, akaanza kisa, akageuka kubadilisha wembe. Alipogeuka tena, alimwona mtu kitini.

"Oho, karibu! Umekuja saa ngapi?"

"Nipo," akajibu fundi baiskeli kwa adabu, akapakwa povu upya.

Alipokaribishwa mara ya tatu, haya zilimwisha. "Kaka, kama ni kuoga, ningeoga nyumbani."

Wiki ile ile mzee mmoja alitoka pale akiwa na nusu ya masharubu, akakatiza sokoni huku akishangaa kwa nini leo watu wote wana furaha.

Habari zikamfikia shemeji yake Redio, ndugu wa mkewe, ambaye ndiye mwenye chumba alichonyolea. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa hesabu, na tayari alikuwa na kijana mwenye mashine ya umeme aliyekitaka kile kiti.

"Shemeji, pumzika," akasema. "Umeugua. Nani atakulaumu?"

"Nipumzike wapi? Nyumbani? Dada yako ananifukuza kila asubuhi."

Alisema kwa mzaha, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa amevumilia sindano, kutapika na upara. Kukaa nyumbani akitazama ukuta ndilo kaburi aliloliona limebaki mdomo wazi likimngoja.

"Haya," akasema shemeji. "Ijumaa tukitoka kuswali, ninyoe mimi. Ukinimaliza pande zote bila mtu kukukumbusha, kiti ni chako. Ukiniacha nusu, wembe unaukabidhi."

Mkewe alikuwa na dawa moja tu. "Ukitaka kunyoa, funga mdomo. Ukitaka kusema, weka wembe chini."

"Ninyoe kimya? Kama naosha maiti?"

"Maiti ungemsimulia wewe! Funga mdomo."

Ijumaa chumba kilijaa pomoni. Redio alimpaka shemeji povu, akabana midomo kama mtu aliyemeza ndimu, akaanza. Kimya kilitanda hata wembe ukasikika ukikwaruza. Shemeji, ambaye miaka yote alinyolewa humo akichekeshwa, sasa alijiona amelala chali, koo wazi, chini ya wembe wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtishia riziki. Jasho likamtoka.

"Shemeji, sema kitu basi."

Redio akatikisa kichwa.

"Una hasira nami?"

Redio akaendelea kunyoa.

"Wallahi yale ya kiti tulikuwa tunataniana tu!"

Maneno yale ndiyo yaliyoharibu. Redio aliinua wembe, na ukungu ukashuka. Amekwisha kunyoa upande gani? Povu lilikuwa limechuruzika kwa lile jasho, huku na huku. Fundi baiskeli, aliyekatazwa kusaidia, aliuma kofia yake. Redio alisimama, akavuta pumzi, akamwomba Mola wake kimoyomoyo. Kisha akapitisha mgongo wa kidole kwenye shavu la kushoto: laini. Akapitisha kulia: miiba. Kichwa kilikuwa kimepotea njia, lakini kidole kilikuwa kinyozi bado. Akanyoa kulia, akapapasa; akanyoa chini ya kidevu, akapapasa; akapapasa uso mzima mara mbili, akaweka wembe ndani ya maji.

"Tayari."

Shemeji alijipapasa shingo kwanza, akamhimidi Mungu, ndipo akapapasa mashavu. Hakukuwa na unywele.

Na wembe ulipotua, ulimi ukafunguka kama mfereji uliozibuliwa. Redio alisimulia kisa cha mfanyabiashara aliyemshitaki punda wake kwa utovu wa adabu, na jinsi hakimu alivyomtaka mshitakiwa ajitetee. "Punda akainua masikio, akamtazama hakimu, akasema... akasema..."

"Akasema nini?" akauliza shemeji, shuka bado shingoni.

"Imeniponyoka."

"Alidai talaka," akasema fundi baiskeli.

"Punda na nani?" wakamzomea. Ugomvi ukawa mkubwa, kila mtu na hukumu yake.

"Na kiti, shemeji?" akauliza Redio kwa sauti ndogo.

"Ah, kiti ni chako, nani anazungumza habari za kiti? Punda alisema nini, bwana?"

Kesho yake asubuhi shemeji alikuwa wa kwanza mlangoni, kidevu kikimeta, hakina hata cha kunyoa.

"Umekumbuka?"

"Nikumbuke nini?"

Shemeji alimtazama, akaguna, akaketi, akaanza kumsimulia kile kisa cha punda tangu mwanzo. Redio alisikiliza mikono mitupu, na mshitakiwa alipoletwa mbele ya hakimu, alicheka mpaka akajishika mbavu.