Mikwaruzo kwenye Jiko

Mjukuu wangu analisugua jiko lake jipya la kuchomea nyama, lile la chuma kinachong'aa, kwa waya wa masufuria. Harufu ya majivu na mafuta imenikera tangu asubuhi.

Mama alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni kule Magamba. Siku moja nilimsafishia jiko kama hilo kwa mchanga wa mtoni, kama masufuria ya nyumbani. Likajaa mikwaruzo.

Mwenye nyumba akauliza, "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," mama akasema.

Kesho yake hakuwa na kazi tena. Tulipalilia maharage sote wawili, na hakunigombeza hata kidogo.

Nimempokonya mjukuu ule waya, nikampa kitambaa laini.

"Bibi, si jiko tu?"

"Futa."