Kizungu cha Kibuyu

Tulikuwa kwenye kituo cha kupimia majani chai, karibu na Kapkatet, tukingoja lori, mama mmoja alipomgeukia mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, mtu asiyeweza kuweka siri, kwa Kizungu wanamwitaje?"

Mwalimu akafurahi kuulizwa. "Waingereza wa zamani walimwita clatterfart." Akatutafsiria nusu ya kwanza: kelele. Nusu ya pili, ile ya upepo wa tumbo, aliikwepa kwa kukohoa.

"Basi ni huyu," mama akasema, akimwonyesha jirani yake kwa mdomo. "Mwaka jana posa ya msichana wangu ilivunjika, tukachekwa mpaka sokoni. Safari hii nimemwambia yeye peke yake kwamba wakwe wanakuja Jumamosi. Na leo kila mtu hapa ananipongeza!"

Jirani hakuinua sauti. Aliendelea kuchambua majani kikapuni. "Mimi sijafungua mdomo, mama. Vibuyu vyako vyote vya mursik umeviosha ukavianika kwenye ua tangu juzi. Maziwa mala yote hayo ni ya wageni gani, paka?"

Mama akafikiri kidogo, kisha akamgeukia mwalimu tena. "Na kibuyu cha namna hiyo, Kizungu chake ni nini?"

Lori likafika, mwalimu akawahi kwenda kupakia majani yake.

Tangu siku hiyo, nikipita njiani nasoma nyua za watu. Leo asubuhi, kwa jirani yangu mwenye binti mkubwa, nimeona vibuyu vitatu vimeanikwa juani. Mimi sijasema kitu.