Nilifunga sensor za matairi ndani ya bomba ili taa izime, dada yangu akafia njiani

Wakuu, salamu kutoka Kivu ya Kaskazini. Nitakayosema yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, nimejitahidi kukinyoosha.

Kuna mwenzetu ameuliza humu afanyeje: kabadilisha magurudumu, taa ya njano ya presha haizimi. Nikaona mtu anamshauri aweke sensor kwenye bomba. Ndipo nikaona ninyamaze hadi lini.

Mimi ni Mnande wa Butembo, dereva. Miaka hii ya vita nilikuwa na wagon ya kubeba abiria kati ya Goma na Kitchanga. Gari lilikuja na rimu za kung'aa na matairi ya lami. Lami yenyewe huku Masisi unaiota tu.

Nikanunua rimu za chuma na matairi ya meno makubwa. Zile sensor, vidude vinavyopima upepo, zikabaki ndani ya rimu za zamani nyumbani.

Taa ikawaka, ikagoma kuzima.

Mimi haikunisumbua. Iliwasumbua abiria. Siku hizo mtu wa njia yetu anachungulia dashibodi kabla ya kupanda, maana kukwama porini si kuchelewa tu, hujui nani atatokea kwenye majani. Mama mmoja pale Mushaki alishusha gunia lake la maharage akaniambia, "Kaka, ile taa inawaka, miye sipande." Wenzake wote wakamfuata.

Basi nikazitoa sensor zote nne, nikazitumbukiza kwenye kipande cha bomba la maji, nikaziba huku na huku, nikaweka valvu na kujaza upepo. Nikalilaza chini ya kiti cha nyuma. Gari likasoma upepo wa bomba, likaridhika. Taa ikazima.

Nilijiona fundi kweli. Nikawafundisha na madereva wengine watatu (Mungu anisamehe kwa hilo pia).

Sasa Kavira. Dada yangu mdogo, aliolewa Burungu na Papa Bahati, Muhunde, mkulima wa maharage na mihogo, mtu mpole ajabu. Alikuwa na mimba ya miezi tisa.

Asubuhi moja nimelala kwao, bunduki zinasikika upande wa Kitchanga, watu wanafunga mizigo, Kavira akaanza kutokwa damu. Muuguzi wa kijiji akasema hili limemshinda, njia ya Kitchanga haipitiki, tushuke Goma haraka.

Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mume wake.

Njiani tulimpita fundi wa matairi, kompresa yake inanguruma. Nikatupa jicho kwenye dashibodi. Safi kabisa. Sikusimama.

Kumbe tairi la nyuma lilikuwa na msumari, linashuka pole pole. Kwenye matope huwezi kuhisi, gari lote linayumba tu. Nilipojua, rimu ilikuwa imeshalikata tairi na tuko katikati ya mlima, Mushaki bado.

Tairi la spea lilikuwepo. Jeki ndiyo ilizama kwenye tope. Tunatia mawe, inazama na mawe yake. Tulihangaika karibu saa mbili nzima, wakuu. Kavira aliniita kwa jina mara mbili, baadaye akawa anaomba maji tu.

Alikata roho kabla hatujafika Mushaki, na mtoto tumboni. Tuliwazika palepale Mushaki, maana nyuma hakukuwa na pa kurudi.

Baada ya maziko Papa Bahati aliniuliza mara moja tu. "Shemeki, motokari haikukuonyesha kitu?"

Nikamjibu, "Hapana. Taa haikuwaka."

"Basi njo saa yake," akasema, yaani ndiyo saa yake ilikuwa imefika. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumbeba mke wake.

Ile shukrani inaniuma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Bomba nililipasua kwa nyundo. Kwa aliyeuliza: sensor zihamishwe kwenye rimu mpya, zifungwe na mpira mpya wa valvu, jaza matairi yote kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, halafu mtu mwenye mashine azisajili kwenye gari. Gari jingine lina kitufe cha reset, ukishabonyeza unaendesha kidogo linajifunza lenyewe. Langu lilifanyiwa Goma baadaye, kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja tu, na mimi nilikuwa napita Goma kila wiki.

Na kama huna namna, iache taa iwake, shuka upime matairi kwa mkono wako. Abiria watakaokukimbia waache wakimbie.

Papa Bahati na wanawe wawili alioachiwa na Kavira sasa wanaishi kwangu, shamba la Burungu wamelikimbia. Anamwambia kila mgeni kwamba mimi nilimpigania Kavira mpaka mwisho. Wiki iliyopita ameniomba nimfundishe udereva, nami nimekubali. Kila nikitaka kumwambia habari ya bomba, watoto wanapita wananiita mjomba, nafunga mdomo.

Nitukaneni, nimestahili. Ila ninyi mliofiwa kwa kosa la ndugu yenu mwenyewe, nijibuni kwanza: mngependa kuambiwa?