Kiatu cha Kushoto

Fundi viatu mmoja huwatambua wateja wake kwa hatua, kabla hajainua kichwa. Nimeketi mguu mtupu katika vibanda vya mafundi wa miji mingi, lakini sijaona sikio kama lake. Na ndilo lililomtia wivu.

Mke wake ni muuguzi, hushinda wima wodini. Miaka kumi na miwili alivaa viatu alivyoshonewa na mumewe, vyembamba mbele, vyenye kisigino kirefu. Siku moja fundi alimsikia akiingia nyumbani, na hatua haikuwa ile. Zamani aligonga ko, ko, kama anayekwepa madimbwi. Sasa kisigino kilitua taratibu, wayo ukafuata, vidole vikasukuma. Kimya.

"Umevaa vya nani?"

"Vya shemeji. Amenishonea."

Shemeji ni mdogo wake fundi, mwenye duka mtaa wa pili. Fundi akahisi kama amefumania barua ya mapenzi.

"Vipana hivyo! Utafanana na bata."

"Bata haungui nyayo, baba watoto."

Kesho yake mchana, mke alipokuwa amelala, fundi akakifumua cha kushoto kutafuta siri. Akakuta sponji ya kawaida na ngozi kutoka kwa muuzaji yuleyule anayewauzia wote wawili. Mke akaamka, akamkuta na vipande mapajani.

"Umekichana?"

"Natafuta alichoficha."

"Hajaficha kitu. Alinisimamisha juu ya karatasi, akachora mguu. Wewe hunipima nimekaa kitandani."

Marehemu baba yao aliwapima wateja wakiwa wamekaa, kwa heshima, na fundi hakuwahi kujiuliza mguu unakuwaje ukibeba mwili. Aliyejiuliza ni mdogo mtu.

"Alikushika kifundo?"

"Alishika penseli, bwana wee! Kesho niko zamu ya asubuhi. Nitavaa nini?"

Fundi akatandika boksi sakafuni. "Simama."

Akachora, kisha akaweka juu ya mchoro kielelezo cha zamani alichokatia viatu vyake. Mguu ulikizidi kila upande kwa upana wa kidole. Miaka kumi na miwili alikuwa amembana.

Kiatu cha kushoto alikishona upya siku hiyohiyo, kwa kufuata mstari aliouchora mwenyewe, na asubuhi yake mke akaenda kazini bila kuchechemea.

"Na cha kulia?" nikamuuliza fundi aliponisimulia haya.

"Bado ni cha yule." Akakata uzi kwa meno. "Nakikagua kila jioni. Hakitaki kulika."